Sebule ya Buluu

Siku hiyo mjinga alikuwa Theonest, na tusizunguke sana, maana hata yeye mwenyewe ukimuuliza anakubali kabla hujamaliza swali. Lakini ungemwona Jumapili ile asubuhi pale Murukulazo, amesimama katikati ya sebule yake, nyundo mkononi na misumari mdomoni kama nungunungu, ungeapa kwamba Ngara nzima hakuna mwenye akili kumzidi.

Alikuwa anapamba nyumba, na sababu alikuwa nayo: siku hiyo alikuwa anarudishiwa mke. Mkewe, Deodata, alikuwa amerudi kwao Mugoma tangu walipomzika Kwizera, mtoto wao wa pekee. Ni kuhara damu kulikomchukua, mwaka ule ambao watu walivuka mpaka pale Rusumo wakikimbia vita, magodoro kichwani, mpaka vilima vikajaa moshi wa mafiga. Ugonjwa haukuuliza nani mwenyeji nani mkimbizi. Deodata hakugombana na mtu. Alikaa matanga mpaka mwisho, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akasema tu kwamba kila akigeuka mle ndani anamwona mtoto, akaondoka.

Mtoto alipozidiwa, Theonest hakuwepo. Alikuwa kambini na ndizi zake, kama wanaume wengi wa Murukulazo msimu ule. Unapeleka mikungu kwa baiskeli, unarudi na mafuta, unga, ndoo, chochote ambacho mkimbizi anaweza kukitoa ili apate kitu cha kupika kinachofanana na cha kwao. Siku nyingine unalala hukohuko. Alifika nyumbani kaburi limeshachimbwa. Hilo hakuna aliyewahi kumtupia usoni, na yeye hakuwa na haraka ya kuligusa.

Sasa akawaza hivi: kama nyumba ndiyo inayomkumbusha, dawa si kuibadilisha sura? Abadilishe kila kitu, asibaki na kona hata moja ya zamani. Na mfano alikuwa nao. Aliwahi kupeleka ndizi Ngara mjini, kwenye nyumba waliyopanga wageni wa shirika moja, akaiona sebule yao. Mapazia, mito ya viti, kitambaa cha meza, vyote vya kitambaa kimoja cha kijani. Hakuna kilichogombana na mwenzake. Alisimama pale mlangoni akishangaa mpaka mpishi akamuuliza, "Vipi mzee, unangoja na wewe ushonewe?"

Kijani Theonest hakuwa nacho. Alikuwa na shitingi, yale maturubai ya plastiki ya buluu ambayo wakimbizi walifunika vibanda vyao. Alikuwa nayo ya kutosha, ameyakusanya kidogo kidogo kwa kubadilishana na ndizi. Basi akaamua sebule iwe ya buluu.

Alianza kwa kubandua. Kalenda ya parokia, chini. Vile vitambaa vya viti alivyofuma Deodata kabla hajaolewa, kila kimoja na rangi zake, kimoja na bata mwekundu mwenye shingo ndefu kuliko inavyostahili, akavikunja vyote akavitia stoo. Halafu akapiga misumari. Kuta, buluu. Dari, buluu. Meza ikavishwa, viti vikavishwa, dirisha likapata pazia la buluu lenye marinda. Nembo ya shirika la wakimbizi iliyochapwa kwenye shitingi aliipanga kwa bidii isimame wima, katikati ya kila ukuta, kama picha ya harusi.

Jirani yake Malongo, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alipita akachungulia. Akavua kofia.

"Baba Kwi..." akajikata. Tangu msiba watu hawakujua tena wamwite nani. "Theonest. Nipange foleni, au mahindi mmeshagawa?"

"Cheka tu. Hujui mambo ya rangi moja wewe."

"Najua. Nina ng'ombe weusi watupu, giza likiingia siwaoni." Malongo akagusa ukuta, ukapwaya na kulia kama mfuko. "Shemeji atakaa humu au atahifadhiwa?"

"Toka, bwana, wakwe wanafika sasa hivi."

"Natoka. Wakiuliza, waambie mimi sijajiandikisha."

Theonest akacheka peke yake, akaweka katikati ya sebule chungu cha pombe ya ndizi, mirija imesimamishwa ndani. Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Mke aliyerudi kwao harudi kimyakimya kama aliyetoka kisimani. Shangazi yake humsindikiza, huingia kwanza, huketi, na hupewa mrija. Akivuta akiwa ndani ya nyumba, mke amerudi na maneno yameisha. Asipovuta, wanaondoka wote wawili, na kumfuata tena huyo mke ni safari nyingine kabisa, kama ipo.

Walifika jua limeshapanda. Shangazi Petronila mbele, mfupi, mnene, akitweta kwa kupanda kilima. Deodata nyuma yake, amekonda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Hujambo? Mbona umevaa kama unapiga picha?"

Shangazi akaingia. Akasimama kidogo, akazungusha macho juu na chini, akaguna kwa namna ambayo Theonest aliihesabia kuwa sifa. Akaketi, kiti kikalia kwaruu chini yake. "Makubwa," akasema. "Yote haya umefanya wewe?" Akaupokea mrija.

Deodata akavuka kizingiti.

Jua lilikuwa limeelekea dirishani, likipenya lile pazia, na sebule nzima ilikuwa imegeuka buluu: chungu, meno ya shangazi, shati jeupe la Theonest. Deodata alisimama. Akainua mikono yake, akaitazama viganjani, akaigeuza, akaitazama tena. Theonest alidhani anastaajabu, akatabasamu. Deodata akarudi nyuma taratibu, akatoka, na akasikika — walisikia mpaka kwa Malongo — akitapika kwenye migomba.

"Ana mimba?" shangazi akauliza, mrija bado haujafika mdomoni.

"Atoe wapi, shangazi?"

Theonest akamfuata nje. Shangazi alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mrija mkononi, maana alijua uzito wake. Theonest akaanza kuongea, na alipoanza hakujua kunyamaza.

"Nimekosea nini? Niambie. Ulisema nyumba inakukumbusha, nimeifuta yote. Nenda kaangalie, hakuna kilichobaki. Hata Bikira Maria pale kanisani amevaa buluu. Ungeona ya wale wageni mjini, ni hivihivi, kila kitu kinafanana..."

Deodata alijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Zahanati ilijaa. Walituweka nje, kwenye hema la hiyohiyo shitingi. Jua likipiga, kila kitu kinakuwa hivyo. Maziwa yangu buluu. Midomo ya mtoto buluu. Nilikuwa namtazama nisijue kama amebadilika au ni hema. Namwita muuguzi, ananiambia mama, ni hema tu, tulia. Nikatulia." Akaikunja ncha ya kitenge. "Mara ya mwisho haikuwa hema."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya migomba. Shangazi Petronila akautazama mrija kama kitu alichopewa na mtu asiyemjua.

"Mwanangu," akasema polepole, "hayo ni maplastiki. Yanabanduliwa kabla hata ugali haujaiva. Mume hakukusudia. Niruhusu nivute."

"Nayabandua sasa hivi!" Theonest akasema. Na angeishia hapo, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini aliona aibu, na mwanaume mwenye aibu hutafuta wa kugawana naye. "Lakini na wewe, Deodata, uwe na haki. Umekaa kimya muda wote huu. Kaburini kimya, matangani kimya. Mimi ningejuaje hema lilikuwa la rangi gani? Nani aliniambia?"

Deodata akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Waume wa wenzangu nao hawakuambiwa," akasema. "Waliingia hemani, wakaona." Shangazi akaurudisha mrija chunguni bila kuvuta.