Nyanya za Mwazye Bondeni

Kengele zilisikika kwanza, upande wa pili wa mahindi, kisha mti wa uzio ukavunjika kwa mlio mkavu. Felisiani alitupa kisu akakimbia. Ng'ombe wa Masanja walikuwa wameshaingiza vichwa bustanini.

"Toa mifugo yako, Masanja, kabla sijakutoa wewe."

"Taratibu, mtani." Masanja alikuja bila haraka, fimbo mabegani. "Ng'ombe wangu hawali nyanya. Wamekuja kumshangaa Mfipa anayezivua nyanya nguo kwenye jua kali namna hii."

"Kwetu Mwazye, mlimani, ndivyo tunavyofanya. Ukipunguza majani, jua linafika, nyanya inaiva."

"Kwenu mnaota moto mpaka mchana. Hapa bondeni Mtowisa nani amekuambia jua linasubiri kufunguliwa mlango?"

Utani huo ulimchoma Felisiani. Alikata miiba akaziba uzio mpaka jua likazama, huku akinung'unika. Mstari wa mwisho, ule wa kando ya uzio, hakuurudia tena, ukabaki na majani yake.

Nyanya zile hazikuwa zake. Kila mwaka mama yake, Avelina, alichagua zilizo bora, akakamua mbegu, akazichanganya na majivu na kuzipaka ukutani jikoni zikauke. Zilikuwa nyanya kubwa zenye mikunjo, laini mno kwa safari, tamu hata bila chumvi. Lakini tangu biashara huria iruhusiwe, maduka ya pale jirani, Majengo, yalijaa pakiti za mbegu zenye picha, na Mwazye nzima ikahamia huko. Siku moja Eustaki, mwenye duka, alicheka mbele ya wateja: "Hiyo ni nyanya ya vibibi. Ishushe bondeni uone kama itamaliza wiki."

Damu ilimchemka Felisiani. Alirudi nyumbani akaukwangua ukuta mpaka udongo ukatoka, hakuacha hata mbegu moja. Akashuka Mtowisa kupanda wakati wa joto, nyanya zinapoadimika.

Na sasa joto lilikuwa likimjibu. Siku chache baada ya kupunguza majani, nyanya zikababuka upande wa jua, zikawa nyeupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, kisha zikaoza. Maua yakapukutika. Alimwagilia alfajiri, akamwagilia jioni, akashindwa kukaa, akashindwa kula. Alizunguka bustani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mstari wa uzioni tu ndio uliokuwa na matunda, chini ya majani yake na kivuli cha mahindi.

Mchana mmoja Avelina alishuka kwenye lori la magunia, kitenge kimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbegu zipo?"

"Pumzika kwanza."

"Sikuja kupumzika. Mvua inakaribia, kitalu changu kiko tupu. Za dukani nimezijaribu. Ukirudia mbegu zake, kila mche unatoka na sura yake."

Aliipita mistari iliyoungua. Kwenye mstari wa uzioni alipiga goti, akachukua kisu. "Na huu umeuacha msitu kwa uvivu gani?"

Alishika konzi ya majani. Felisiani akamdaka mkono. Hakuwahi kumshika mama yake hivyo.

"Niachie."

"Mama, usikate."

"Nimekata majani ya nyanya kabla hujazaliwa."

"Ulikata Mwazye. Hapa nimekata mimi. Ona."

Alimpa nyanya moja kutoka mistari ile mingine. Avelina aliibonyeza upande mweupe, kidole gumba kikazama. Alikiweka kisu chini polepole.

"Basi ya mbegu ni ile," alisema, akionyesha kichaka chenye nyanya moja kubwa.

"Hicho kimemwaga maua yote, kimebakiza hiyo tu. Chukua hiki." Kilikuwa kifupi, kibaya, na nyanya zake zilikuwa ndogo kama ndimu, lakini kila kikonyo kilikuwa na tunda.

"Hizi si zangu. Zangu zinajaza kiganja."

"Zikirudi kwenye baridi zitajaza."

"Una hakika?"

Felisiani alizoea kuwa na hakika ya kila kitu. "Sina," alisema. "Nina hakika kwamba hiki kimelistahimili jua."

Avelina alizitazama zile nyanya, zote bado kijani, hazijafaa kukamuliwa mbegu, kisha akatazama juu, mlimani, ambako wingu lilikuwa likijikusanya. Barabara ile ikilowa, lori halipandi. Dereva alishaanza kupiga honi.

"Narudi mikono mitupu, Felisiani. Nisipopanda msimu huu, mbegu hii imekwisha. Hakuna mwingine aliyebaki nayo."

Felisiani alimfuata mpaka kwenye lori, akampandisha, akashikilia ubao wa nyuma injini ikinguruma.

"Za kichaka kile sitauza hata moja, mama, wala sitaonja," alisema kwa sauti, abiria wote wakisikia. "Zikiiva nitakuletea. Barabara ikifungwa nitaupanda mlima kwa miguu. Umenisikia? Kwa miguu."