Soseji za Halowini Zavishwa Sanda

Kabla ya kuja Doha kufanya kazi za nyumbani, Arafa alikuwa mwosha maiti huko Tanga. Kwa hiyo Winfred, yaya Mkenya wa nyumba waliyofanyia kazi katika mtaa wa The Pearl, alipomwonyesha kwenye simu vitafunio ambavyo bosi wao alivitaka kwa sherehe ya Halowini ya watoto, Arafa alikunja uso.

"Unakata huu unga uliokandwa wa tabaka vipande vyembamba, unazungushia soseji, unaacha nafasi ya macho," Winfred alieleza. "Inakuwa maiti ya Misri ya kale, ile ya kuviringishwa vitambaa."

"Nani kamvisha sanda ovyo hivi? Kichwa nje, miguu nje."

"Ni vitafunio, Arafa, si mazishi."

Arafa hakumsikiliza. Alizikafini soseji zote gubigubi, akazifunga kichwani, kiunoni na miguuni, akazipaka yai, akazitia kwenye oveni. Zikatoka zimeumuka na kung'aa.

"Macho yako wapi?" bosi akauliza.

"Kashakufa, madamu. Atazame nini?"

Watoto waliovaa mapembe wakalizunguka sinia. Mmoja akauliza kama inaruhusiwa kumla marehemu.

"Huyu wa kuku, mle tu," Arafa akamjibu.

Wakamgombania. Winfred aliambulia kichwa kimoja.