Kashe ya Papa Prezida

Uasi wa kwanza ulimkuta Muzee Ntirenganya akiwa mbunge. Wa pili ulimwacha mwenyekiti wa bodi ya kampuni ya barabara hapa Goma. Mimi Donatille, karani wake, kila mara nilibadilisha tu kichwa cha barua. Ofisini tulimwita papa prezida, naye hakukataa.

Amri yake ya kwanza ilipiga marufuku chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zisikanyage lami yake mpya. Lami yenyewe ilikuwa kilomita moja na nusu, kutoka ofisini hadi nyumbani kwake. Chukudu ya Télesphore, muuza viazi, ikakamatwa na kufungiwa uani kwetu. Wiki tatu alikuja kuomba sahihi, na wiki tatu nikamwambia bodi haijakaa. Niliona aibu, lakini mwenye nguvu mpishe.

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Lava ilipoanza kuingia mjini, papa prezida alikuwa ameshaondoka na jeep, mapazia na frigo ya kupozea vinywaji. Télesphore akafika uani akiwa amembeba mgongoni mama yake, mama Mukamazimpaka, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Mlinzi wetu, Bagalwa, alishika ufunguo huku akitazama moshi.

"Bila kashe haitoke," alisema.

Hata dunia ikiisha, kwetu itaisha na mhuri. Kashe hiyo ilikuwa mkobani mwangu. Niliandika ruhusa, nikaiga sahihi ya mkubwa, nikagonga. Bagalwa aliisoma yote, ndipo akafungua. Tukampandisha mama kwenye chukudu, tukapita juu ya ile lami, tukamsukuma hadi Sake, Bagalwa akikimbia mbele yetu.

Lami ikalala chini ya mawe ya lava. Mwezi uliofuata Muzee akateuliwa kuongoza kamati ya kujenga upya barabara zote. Siku ya kwanza aliniita nimchapie barua ya kunidai maelezo mimi mwenyewe: kwa nini chukudu ilipita juu ya lami bila idhini yake. Nilichapa. Akasaini. Kisha akanyoosha mkono apewe kashe, maana bila kashe barua haina nguvu.

Niliitoa kashe mkobani, nikaishika.

"Nilikutafuta, papa prezida," nikamwambia. "Ulikuwa umeisha enda."

Mkono wake ulibaki umenyooshwa. Nikairudisha kashe mkobani, nikashuka sokoni kununua viazi kwa Télesphore.