Karatasi ya Kumi na Mbili

Kopo la majani ya chai lilikuwa tupu. Dada Chapa aliligeuza, akaligonga kitako, akachungulia tena ndani. Hamna kitu.

Kila mtu pale kwenye chama cha kutetea haki, chumba kimoja juu ya kinyozi, alimwita Dada Chapa, kwa kuwa ndiye aliyepiga chapa vilio vya mtaa mzima kwa miaka minane. Watu walimjia kila mmoja na lugha yake na woga wake. Maelezo yao yaliandikwa bila majina: Shahidi wa Kwanza, wa Pili, mpaka wa Kumi na Moja. Majina yenyewe yalikaa kwenye karatasi moja ndani ya kopo lile, na sharti lilikuwa kwamba karatasi hiyo na maelezo visikae kamwe juu ya meza moja. Nani aliyelitunga sharti hilo? Ni yeye mwenyewe, na wenzake alikuwa akiwagombeza kwalo bila huruma.

Asubuhi ile alilivunja kwa dakika mbili tu, ahakikishe namba zinalingana. Malalamiko dhidi ya askari wa jiji, waliowatoa watu vitandani kwa virungu eti hawana vibali, yalitakiwa kupokewa kabla ya adhuhuri, na Mwenyekiti wa chama alikuwa amesimama mlangoni akimhimiza. Akakusanya karatasi, akazisawazisha kingo, akazitia kwenye bahasha na kuipeleka mwenyewe ofisi ya jiji. Alirudi akijisifu.

Sasa akaelewa: karatasi ya majina ilikuwa imeingia kwenye bahasha pamoja na maelezo. Shahidi wa Saba alikuwa mfagizi wa ofisi hiyo hiyo, na wengine kumi wangeweza kufuatwa majumbani mwao jioni ileile. Lakini, aibu iliyoje, wazo lake la kwanza halikuwa juu yao. Aliwaza namna ya kuipata bahasha kabla Mwenyekiti hajajua.

Alirudi mbio ofisi ya jiji. Karani wa mapokezi, mtu mpole kupita kiasi, alimsikiliza akidanganya kwamba ukurasa mmoja umesahaulika, kisha akamweleza kwa masikitiko kuwa bahasha ikishagongwa muhuri ni mali ya mkuu wa ofisi, na hakuna wa kuifungua ila yeye. Mkuu angerudi saa tisa. Nyuma ya kioo, ndani ya chumba kilichofungwa, Dada Chapa aliiona bahasha yake juu ya meza. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

Alikaa kwenye benchi la wageni. Ndipo akasikia ufagio. Mama mfagizi alipita mbele yake bila kumtazama, kama walivyokubaliana: humu ndani hatujuani. Ingewezekana kunyamaza. Saa tisa mama angeitwa na kufukuzwa, au kufanywa lolote, wala asijue limetoka wapi. Dada Chapa aliona jinsi jambo hilo lilivyo rahisi, akajichukia. Aliinuka, akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Mama, jina lako limo kwenye bahasha. Nimelitia mimi."

Ufagio ukasimama.

"Nilikuuliza mara tatu," mama alisema polepole. "Mara tatu, mwanangu. Ukaniapia."

"Nilikuapia."

Mama alimtazama kwa hasira isiyo na kelele, hasira ya mtu aliyeshachoka, mpaka Dada Chapa akatamani bora angetukanwa. Kisha mama akauliza kama wenzake nao wamo. Aliposikia kwamba wamo wote, akageuka kukitazama chumba cha mkuu. Kiunoni mwake kilining'inia kishada cha funguo za vyumba vyote vya jengo lile. Dada Chapa alikiona. Mama naye akamwona anavyokitazama.

"Nikiichukua, watasema chama chenu ni cha wezi," alisema. "Hakuna atakayesoma tena tulichosema. Na mimi nataka kisomwe."

"Lakini, mama..."

"Nenda kawaambie wenzangu wahame leo. Anza na yule mwenye mtoto mchanga. Na huyo mwenyekiti wako mwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu."

Dada Chapa alishuka ngazi simu ikiwa sikioni. Mwenyekiti alipopokea, alimwambia kila kitu bila kujitetea. Kisha akaulizwa ni nani anayekaa karibu zaidi. Akamtaja mwenye mtoto mchanga, akakaza mwendo.

Getini ilimbidi apishe gari. Mkuu alikuwa amewahi kurudi. Dada Chapa aligeuka kutazama kwenye vioo vya ukumbi. Mama mfagizi alikuwa ameegemeza ufagio ukutani, amevua aproni na kuikunja vizuri. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, ambalo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilifuta vumbi tu, mikono mapajani, uso ameuelekeza mlangoni.