Swali la Kwanza la Profesa Leonida

Profesa Leonida Habitan aliijua minyoo ya mapafu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi, na nasema hivyo nikiwa bado na hasira naye. Miaka ishirini na miwili nilikuwa fundi wake wa hadubini. Manila wanafunzi walimwogopa. Kwao Sorsogon, chini ya mlima wa moto, walimwita Daktari wa Makohozi, naye alicheka tu.

Jina alilipata kwa kuonyesha kwamba si kila anayekohoa damu ana kifua kikuu. Kaa wa mtoni akiliwa mbichi huacha minyoo mapafuni, na zahanati haiioni, maana kioo cha kupimia kifua kikuu huchomwa moto na kuoshwa kwa tindikali, mayai ya minyoo yakaharibika. Sisi tuliyatazama makohozi vilevile yalivyotemwa. Tuliokoa watu wengi, siwezi kukataa. Fomu ya kuchagua wa kupimwa aliitunga mwenyewe, na swali la kwanza lilikuwa: je, unakula kaa mbichi? Aliyejibu hapana tulimpita.

Dada yake mkubwa, Pasing, ambaye sote tulimwita Manay, yaani dada, alijibu hapana.

Huyu ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Alitwanga kaa na nazi changa, akafunga kwenye majani, akachemsha kwa tui na kuuza sokoni. Miaka kumi na tisa alikuwa akikohoa makohozi ya rangi ya kutu. Dawa za kifua kikuu alizimaliza mara mbili, na sasa zahanati ilitaka kumwanzishia nyingine, zile za sindano zilizomfanya jirani yake kiziwi. Alihamia chumba cha jikoni, sahani yake mbali, kikombe chake mbali, asije akaambukiza wajukuu. Niliwahi kumwambia Profesa tumpime. Akanijibu kwamba kaa wa Pasing huchemka mpaka majani yanabadilika rangi, kwamba yeye mwenyewe amewala tangu utotoni, na nisimfundishe habari za kwao. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sikulirudia tena, na kwa hilo nami najilaumu.

Mwezi aliostaafu Profesa tulikwenda kwao kwa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Wageni walijaa barazani. Mimi nilikimbilia jikoni kumsaidia Manay kupangusa majani. Alimaliza kutwanga, akatia chumvi na pilipili, kisha akachota kwa kidole akalamba. Akaongeza chumvi. Akalamba tena.

Niliyaweka majani chini.

"Manay, hiyo bado mbichi."

"Sasa chumvi nitaijuaje, Celso? Nifunge majani arobaini ndiyo nionje?"

"Ulituambia huli kaa mbichi."

"Sili. Naonja. Kwani wewe kwenu mnapika kwa kubahatisha?"

Nikamuuliza nani mwingine huonja hivyo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa nani hapa kijijini huvuta pumzi. Kila mwanamke anayepika, akasema.

Nilimpa kikopo akatema. Hadubini ya safari tulikuwa nayo kila tuendapo, nikaiweka dirishani, nikatandaza makohozi kwenye kioo. Sikuhitaji kutafuta. Mayai yalijaa tele, rangi ya dhahabu, kila moja na kifuniko chake. 

Nikaenda kumwita Profesa. Akaja na glasi ya kinywaji mkononi, akasimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia, kisha akainama kutazama.

"Safi sana hii," akasema. "Ya kufundishia kabisa. Umeitoa wapi?"

"Ya Manay. Ametema sasa hivi."

Hakuinua kichwa. Nikamweleza: huonja kabla ya kufunga, wote huonja. Alibaki ameinama hivyo hivyo, jicho kwenye hadubini, glasi ikammwagikia miguuni asijue. Kisha akanyooka. Mama yao pia alikuwa akionja, akasema kwa sauti ndogo, na mama yao alikufa akikohoa. Akaniuliza waliojibu hapana ni wangapi. Nikamwambia fomu ziko Manila, makabati mawili.

Manay akafuta mikono, akataka kujua tunanong'ona nini. Mimi ndiye niliyemwambia: si kifua kikuu, hajawahi kumwambukiza mtu, na dawa yake ni vidonge vya siku tatu.

"Siku tatu," akarudia. Nilingoja afurahi, hakufurahi. Akamgeukia mdogo wake.

"Leoning, umepima kijiji kizima. Kila mwaka unakuja kula hapa. Ungekaa jikoni mara moja tu nikipika, ungeniona. Kwa nini hukukaa?"

Profesa aliiweka glasi kando ya hadubini. Kisha akasema ukweli, na mimi mpaka leo sijui kama ningependa amdanganye au la.

"Nilikuwa naogopa kuambukizwa kifua chako, Manay."