Akaunti ya Sahihi Mbili

Sahihi zote mbili zilikuwa Beni, pesa ilikuwa Butembo, na barabara kati ya miji hiyo ilikuwa imefungwa. Mtoto alikuwa amelazwa hospitali huko Butembo, tumbo limejaa kama ngoma, na hospitali ilitaka dola mia mbili mezani kabla daktari hajashika kisu.

Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Onésime, baba wa mtoto, fundi wa kuchomelea milango ya chuma huko Katwe, Kampala. Ya pili ilikuwa ya Manassé, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, mzee wa ukoo na mchuuzi wa mafuta ya mawese. Walikuwa wameketi kwenye benchi moja mbele ya depo ya mawese, wakigawana samaki mmoja wa Kyavinyonge na ugali wa muhogo. Mikono hiyo miwili iliyokuwa ikichovya bakuli moja ingetosha kutoa dola elfu moja mia moja na hamsini, kama dirisha la coopérative, chama cha akiba, lingekuwa mbele yao. Dirisha lilikuwa umbali wa kilomita hamsini na kitu, na kule Maboya, katikati ya njia, watu wenye bunduki walikuwa wakipigana na watu wengine wenye bunduki. Magari hayakupita, pikipiki hazikupita, na wa mwisho kujaribu kwa miguu alirudi bila viatu na bila shati.

Jambo lilianza Krismasi iliyotangulia, mwaka 2000, Onésime aliporudi Butembo na pesa yake imeshonewa ndani ya mkanda wa suruali. Mpaka siku hiyo alikuwa akiiweka Kampala, ndani ya sanduku la chuma alilolichomelea mwenyewe, chini ya kitanda. Sanduku lilikuwa zuri. Lakini chumba alikipanga pamoja na mafundi wengine watatu wa kuchomelea, na anayejua kufunga chuma anajua pia kukifungua.

Alikuwa amejaribu benki ya Kampala. Msichana wa dirishani aliuliza kama yeye ni mgeni, akajibu ndiyo. Akaombwa pasipoti, barua ya mwajiri, barua ya mwenyekiti wa mtaa na picha mbili. Onésime alikuwa na picha mbili.

Njia ya pili ilikuwa ile ya watu wa Butembo wote walioko ugenini. Unamkabidhi pesa karani wa tajiri fulani wa vitambaa huko Kampala, na kesho yake mkeo anaichukua dukani kwa tajiri Butembo. Hakuna karatasi, hakuna riba. Neno la mtu ndilo karatasi. Onésime hakuwa na shaka na tajiri. Alikuwa na shaka na askari, ambao mwaka ule walikuwa wamevunja maduka mawili kwenye barabara ileile ya tajiri, na neno la mtu halizuii mlango usivunjwe.

Ilibaki coopérative. Aliingia na mkewe, Débora, wakaketi mbele ya karani mmoja aitwaye Joyeuse, binti mwenye subira aliyeeleza kila kitu mara mbili. Kulikuwa na akaunti ya wazi, isiyo na riba, ambayo mwenye kitabu hutoa pesa siku yoyote. Na kulikuwa na akaunti ya kufungwa, ya mwaka mzima, ambayo huzaa nane kwa mia. Ukiifungua kabla ya mwaka, riba yote inapotea. Kwa mtu anayeishi nje ya nchi kulikuwa na sharti moja zaidi. Alitakiwa achague mtu wa hapa wa kusaini pamoja naye, na hakuna hata faranga moja itakayotoka bila sahihi zote mbili, zitiwe hapo dirishani, mbele ya macho ya karani.

"Papa, bibi yako iko hapa," alisema Joyeuse. "Umuandike yeye, tumalize."

Onésime alitazama kalenda ya ukutani. Débora alikuwa mke mwema, lakini kwao mke hasaini pesa ya mume. Mke ni wa ukoo mwingine, ana kaka zake, na kaka zake wana njaa zao. Mbuzi za mahari zilipita mkononi mwa Manassé. Mbuzi za matanga, vilevile. Mtu akiwa mbali, mali yake hukaa chini ya mkono wa mzee wa nyumba ya baba yake. Manassé mwenyewe alikuwa amekwisha kusema hivyo asubuhi ile kabla hajaulizwa, tena alikuwa amevaa koti.

Débora hakubishana kwa muda mrefu. Alitaka akaunti ya wazi, nusu ya pesa tu, kwa ajili ya magonjwa. Onésime akamwambia kwamba pesa iliyo wazi ni kama mlango ulio wazi, na kwamba nyumba haijengwi kwa nusu. Maana pesa ile ilikuwa ya nyumba. Kiwanja walikuwa nacho tayari, na juu yake matofali elfu sita yaliyochomwa na kufunikwa nyasi.

"Muzee anatembeaka sana," Débora alisema. "Siku akienda Beni kutafuta mawese, nitasainisha nani? Mbuzi?"

Joyeuse alicheka kidogo, akajizuia. Onésime naye alicheka, akatia sahihi. Manassé aliitwa kutoka nje, akatia yake polepole, kwa herufi kubwa, kama mtu anayechonga jina kwenye mti.

Kuhusu kiwanja, hakuna aliyefikiri. Karatasi zake zilikuwa kwa jina la Débora, wala si kwa upendo. Kilinunuliwa mwaka 1998, Onésime yuko Kampala, na Manassé hakutaka kupanga foleni kwenye ofisi ya ardhi pamoja na wanawake na mbwa. Alitumwa Débora. Mwandishi wa ofisi akauliza jina, naye Débora akataja lake.

Ugonjwa ulianza kama homa ya kawaida. Shalom alikuwa na miaka minane, mtoto wa kupanda miti, na wiki ya kwanza alipewa dawa za malaria. Wiki ya pili tumbo likakaza. Daktari alisema ni homa ya matumbo, imetoboa utumbo, na kwamba tundu kama hilo halisubiri. Débora alikimbilia phonie, ile redio ya wafanyabiashara, akatuma maneno Kampala kwenye depo ya watu wa Butembo: Shalom ana tumbo, njoo na sahihi yako. Onésime alipanda basi la usiku, akavuka mpaka wa Kasindi kwa miguu, akapanda lori la chumvi hadi Beni. Mtu wa kwanza aliyemjua alipofika sokoni alikuwa Manassé, ameketi juu ya pipa.

Alikuwa amefuata mawese kabla ya mtoto kuugua, na njia ikafungwa nyuma yake. Onésime alimtazama, akamsalimu kama inavyopaswa, akauliza hali ya miguu yake.

Wazo la barua lilikuwa la Onésime. Wangeandika barua, wasaini wote wawili, wampe padri mmoja aliyesemekana kuruhusiwa kupita. Kwanza aliita coopérative kwa phonie. Meneja, mtu aitwaye Siméon, alijibu kwa upole kwamba haiwezekani. Mwaka uliotangulia watu walifika na barua zenye sahihi halali kabisa, zilizosainiwa mbele ya mtutu wa bunduki porini. Tangu hapo sheria ikawekwa kwamba sahihi hutiwa dirishani tu. Onésime alikumbuka kwamba alisomewa sheria hiyo, na kwamba ilimpendeza.

Kwenye phonie watu hawakatizani maneno. Anayesema anashika kitufe, na mpaka aseme "à vous" na kukiachia, wewe huna sauti; akisema "terminé", mazungumzo yamekwisha. Na wote walio kwenye foleni wanasikia. Siku ya kwanza Débora alieleza kwamba amekopa hapa na pale, amepata dola arobaini, na hospitali imekataa. Nyuma ya Onésime mama mmoja mwenye kapu la maharagwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Papa, ulifunga franga ao ulifunga bibi?"

Foleni ikacheka. Onésime alilipa dakika zake, akatoka.

Jioni alimuuliza Manassé kama hana pesa yoyote. Manassé alisema yote imo ndani ya mapipa sita ya mawese, na kwamba Beni nzima imejaa mapipa yasiyoweza kwenda Butembo, hata bei imeshuka hadi aibu. Alisema kweli. Aliuza pipa moja jioni ileile kwa bei ya aibu, lakini padri hakuonekana, matajiri wa Butembo walikuwa wamefunga maduka, na ni nani mwingine angeipeleka pesa hiyo? Ilibaki Beni pamoja nao, kama sahihi.

"Mimi hapana kufunga njia," alisema Manassé.

"Hapana, baba mukubwa."

"Na kama ningekuwa kule Butembo peke yangu, wewe huku, ingekuwa sawasawa. Mbili ni mbili."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Onésime hakuwa amelifikiria mpaka aliposikia likisemwa na mtu anayetafuna. Hata mzee asingetoka Butembo, bado ingebidi yeye afike. Akaunti aliyoichagua ilikuwa imekinga pesa dhidi ya wezi, askari, shemeji zake, mkewe, na yeye mwenyewe.

Asubuhi ya pili aliitwa kwenye phonie kabla foleni haijaanza kusogea. Sauti ya Débora ilikuja na mikwaruzo.

"Baba Shalom, usikilize, nisirudilie. Nimeuzisha parcelle, ile kiwanja ya nyumba. Ézéchias wa pale karibu ameitwaa, na matofali yake. Amelipa yote. Banamupasua mutoto sasa hivi. À vous."

Onésime alishika kitufe. Alitaka kuuliza bei. Alitaka kuuliza ni nani aliyempa ruhusa, akakumbuka jina lililo kwenye karatasi. Watu wa foleni walisogea karibu, na mwenye mashine aliacha kuandika dakika.

"Ni sawa," alisema. "À vous."

Mtambo ukakwaruza.

"Sikukuuliza kama ni sawa," alisema Débora. "Nimekuambia tu. Terminé."

Njia ilifunguliwa bila mtu kutangaza. Siku moja lori moja lilitokea Butembo likiwa na vitunguu, na kila aliyekuwa Beni akakimbilia mizigo yake. Onésime na Manassé walipanda juu ya mapipa. Maboya walipita bila kusimamishwa. Walipofika hospitali, Shalom alikuwa ameketi, amekonda, mrija bado umetoka ubavuni, akilalamika kwamba anapewa uji tu. Alimuuliza baba yake kama ameleta soda ya Uganda. Onésime hakuwa ameleta. Manassé aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaomba kwa Kinande, sala ndefu, akatoka kwenda kutazama mapipa yake.

Siku iliyofuata Onésime alikwenda kwa Ézéchias, akamwomba amrudishie kiwanja kwa bei aliyokinunulia, na kitu cha shukrani juu yake. Ézéchias alikuwa muumini wa kanisa moja naye, mtu asiyepandisha sauti. Alimkaribisha kiti, akampa chai, akasema kwamba yeye hakumfuata mtu, alifuatwa; kwamba mama alitaka pesa siku ileile, na Butembo nzima siku ile ni yeye peke yake aliyekuwa nayo nyumbani, taslimu. Sasa kiwanja ni dola elfu moja na mia tano. Onésime alimaliza chai.

Kutoka hapo alikwenda na Débora kwenye coopérative. Akamwambia Joyeuse afute jina la Manassé na kuandika la mkewe. Alidhani hilo ni jambo kubwa, na alilisema kama mtu anayetoa zawadi. Joyeuse alichukua kalamu, akamtazama Débora.

"Aache hiyo yake vile iko," alisema Débora. Akafungua kitambaa chake, akaweka mezani noti zilizobaki. "Mimi unifungulie ya wazi."

"Na sahihi ya pili, mama?"

"Ya pili haiko."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini na tano, pamoja na matofali elfu sita na miti miwili ya avoka, kiliuzwa dola mia nne na ishirini. Hospitali ilichukua mia tatu na kumi. Dawa za nje, arobaini na tano. Phonie, uji na kuni, ishirini; zile arobaini za kukopa zilirudi kwa wenyewe bila kuguswa. Zilibaki arobaini na tano: kumi zikawa ada ya uanachama wa Débora, thelathini na tano zikaingia kwenye kitabu chake. Safari ya Onésime kutoka Kampala na siku za kula Beni zilimgharimu thelathini na nane, na fundi mwingine alikuwa amekwisha kupewa nafasi yake Katwe. Akaunti ya kufungwa haikuguswa. Krismasi ilipofika ilikuwa na elfu moja mia moja na hamsini, na riba tisini na mbili. Kilichopungua kukinunua tena kiwanja kilikuwa mia mbili hamsini na nane, bila matofali.