Yule Mama na Mlango Wake

Kazi yangu ni kusemea filamu. Wageni wanaongea lugha zao kwenye shuka ukutani, mimi nashika kipaza sauti nawatafsiria watu, na nisipoelewa natunga. Ndiyo maana naitwa Mdomo. Mashine ya filamu na shuka ni vyangu. Ukumbi ni wa shemeji, kaka wa mke wangu, na yeye hataki kitu kingine ila ngumi na magari yanayolipuka.

Nina filamu moja ya zamani, haina hata rangi, imetoka nchi ambayo sitaiona maisha yangu yote. Mama amebomolewa nyumba. Kilichobaki ni mlango. Anaubeba mgongoni, anaondoka. Karibu filamu nzima hasemi neno.

"Nakupa Jumamosi mchana," shemeji aliniambia. "Watu wakitoka, huyo mama wako asikanyage tena humu. Utasemea ngumi mpaka uzeeke."

Jumamosi ikafika. Nikawasha mashine, nikazima kipaza sauti, nikakaa.

Hawakukawia kuanza.

"Mdomo! Umeng'olewa meno?"

"Kagombana na mkewe huyo!"

"Macho mnayo," nikasema. "Tazameni."

Kinyozi wa jirani akasonya, akatoka, na genge lake likamfuata. Shemeji akaja mbio, akaninyang'anya kipaza sauti, akakiwasha.

"Haya jamani, mama huyu kaiba mlango! Polisi wako nyuma yake!"

Wachache wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa amefika juu ya kilima kitupu, upepo unampiga. Akausimamisha mlango, akaushika usianguke, akapangusa miguu yake kwenye majani.

"Sasa anatafuta mteja!" shemeji akapiga kelele. "Bei poa!"

Bibi muuza mkaa, ambaye kila Jumamosi hulala kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho, aligeuka kwenye benchi lake.

"Wewe mwanangu, hebu nyamaza. Mwenzio anataka kuingia ndani."

"Ndani wapi, bibi? Hapo kuna nyumba?"

"Kwake. Mwache aingie."

Shemeji akashusha kipaza sauti. Mama akafungua mlango, akapita, akaufunga nyuma yake taratibu.

Taa zilipowashwa, zaidi ya nusu ya mabenchi yalikuwa matupu.

"Umeona?" shemeji akasema. "Umeshindwa. Jumamosi ijayo, ngumi."

"Jumamosi ijayo tafuta mdomo mwingine." Nikapanda juu ya benchi, nikaanza kung'oa misumari ya shuka.

"Acha utoto, shemeji. Utaenda wapi na shuka?"

"Nina ukuta nyumbani."

"Nani atakuja kutazama ukuta wako?"

Nilikunja shuka, nikaitia mashine kwenye gunia, nikatoka. Bibi alikuwa mlangoni ananisubiri, kigoda chake kwapani.

"Jumamosi, saa ile ile?"

"Saa ile ile, bibi."

"Nitakuja. Lakini ukiongea, naondoka."